Google, Microsoft, Zoho au Proton: ipi inamfaa mshauri nasaha mwenye ofisi ndogo Unguja na Pemba

Washauri nasaha wanaofungua ofisi zao wenyewe hapa kwetu wanaongezeka, na mimi nashukuru sana kwa hilo mana kwa miaka mingi mtu akizidiwa na mawazo njia zake zilikuwa chache, aende Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, ambako wengi wanaogopa hata kuonekana getini, au aende kwa sheikh, au akae kimya tu. Sasa unakuta mtu kamaliza masomo yake, kapanga chumba Mpendae au Chake Chake, kaweka viti viwili na meza, na suali analouliza mapema kabisa ni hili: nitumie nini kwa imeili, kalenda, noti na vikao vya vidio, na kisinimalize pesa kabla wateja hawajaanza kuja.

Hapa nalinganisha vifurushi vinne ambavyo watu wanavitaja sana, halafu naongeza WhatsApp, mana ukweli ndio ofisi ya walio wengi. Bei ziko kwa dola kwa sababu ndivyo wanavyotoza, na nahesabu dola moja kwa shilingi 2,500 ili tusipige hesabu upya kila mstari. Bei hubadilika kwa hio angalia ukurasa wao siku ile unayolipa.

Lakini kabla ya bei kuna jambo ambalo kwangu ndio linaamua kila kitu.

Kazi hii sio duka la nguo. Visiwa vyetu ni vidogo na watu wanajuana mpaka ukoo, ukiandika tu "mwalimu wa skuli, Wete, watoto watatu, anataka kuachika" umeshamtaja mtu hata kama jina hukuliandika. Watu wakisikia usalama wa mtandao wanafikiria haka wa nchi za mbali, sasa huyo haka wa mbali hana habari na mteja wako, mwenye habari nae ni wifi yake, ni shemeji yake, ni kijana anaekutengenezea laptopu, ni mtoto wa dada yako unaempa simu acheze gemu na huku meseji zinaingia juu ya skrini. Kwa hio programu yoyote ukitaka kuichagua jiulize: nani mwengine ataliona jina la mteja huyu, na akiliona, je ataona na yale aliyoyasema?

Ukishajiuliza hivo utaona kazi inagawanyika vipande viwili. Kuna upande wa jina, yani miadi, namba ya simu, malipo. Na kuna upande wa yaliyosemwa, yani noti za kikao. Hivi viwili visikae pahala pamoja, hata programu iwe nzuri namna gani. Nnavyolinganisha hapa chini nalinganisha kwa jicho hilo, sio kwa wingi wa vitufe.

Google

Wengi wanaanza na Gmail ya bure na sio vibaya kwa kuanzia. Unapata GB 15 ambazo imeili, Drive na picha zote zinagawana, unapata kalenda, fomu, ukurasa mmoja wa mteja kujiwekea miadi mwenyewe, na Google Meet ambayo mkiwa wawili tu haikukatieni baada ya saa moja kama inavyokata mkiwa watatu na kuendelea. Na Kiswahili kipo ndani ya Gmail na Kalenda kwa anaetaka.

Tatizo la ile ya bure ni kuwa mara nyingi ndio hiyohiyo akaunti iliyoko kwenye simu ya nyumbani, yenye picha za harusi na YouTube ya watoto. Namba ya mteja ukiisevu pale inasambaa kwenye kila kifaa ulichowahi kulogini, tablet ya watoto, laptopu ya zamani uliyompa mdogo wako. Mtu anaona kasevu kwenye simu moja kumbe kasevu kwenye nyumba nzima. Kama huna pesa kabisa basi angalau fungua Gmail nyengine ya kazi tu, usiichanganye na ya nyumbani, na uilogini kwenye kifaa kimoja.

Ya kulipia inaitwa Google Workspace, na kifurushi cha chini ni Business Starter, dola 7 kwa mwezi ukifunga mkataba wa mwaka, yani kama shilingi 17,500, na ukilipa mwezi kwa mwezi inakuwa dola 8.40, kama elfu 21. Unapata GB 30 na imeili yenye jina la ofisi yako, ila lazima uwe na domeni, yani jina la ofisi yako la mtandaoni, mfano linaloishia na .co.tz, ambayo unainunua mbali. Faida yake kubwa kwetu ni usimamizi. Mfanyakazi akiondoka unamfungia akaunti na mafaili yanabaki ofisini, simu ikipotea unaitoa kwenye akaunti kutokea kwenye kompyuta. Hilo la simu peke yake linatosha kunishawishi, mana simu kuibiwa Darajani au kusahaulika kwenye daladala ni mambo ya kila wiki.

Utakuta kwenye kurasa za Wamarekani wanazungumzia HIPAA, kuwa programu hii inakubalika na ile haikubaliki. Hio ni sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, haituhusu sisi moja kwa moja, ila ina faida moja ya kujifunzia. Google wanakubali kusaini mkataba wa kuifuata sheria hio kwa wanaolipia Workspace, sio kwa Gmail ya bure. Yani wao wenyewe wanakwambia kuwa ile ya bure hawakuitengeneza kwa siri za wagonjwa. Zile programu za Marekani zilizotengenezwa mahsusi kwa washauri, mfano SimplePractice, sizilinganishi hapa kwa sababu sehemu kubwa ya bei yake unalipia mambo ya bima za kwao ambazo mteja wa Mkoani hana kazi nazo.

Microsoft

Business Basic ni dola 6 mpaka 7 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka, kwa hio bei yake na Google ni pua na mdomo, lakini nafasi ya kuhifadhi ni kubwa mno, TB 1 kwa mtu mmoja, pamoja na Teams ya vidio na Bookings ya miadi. Kwa mshauri asierekodi vidio TB 1 haitojaa, noti za miaka kumi ni maandishi tu, kwa hio usikubali kuvutwa na namba hio.

Sehemu inayowachanganya wengi ni kuwa Business Basic haikupi Word na Excel za kusakinisha kwenye kompyuta, unapata zile za kwenye brauza na za kwenye simu. Ukitaka Word yenyewe unapanda Business Standard ambayo inaanzia dola 12.50 kwenda juu. Sasa kwa nini mtu alipe hio? Kwa sababu ya umeme na intaneti yetu. Unguja umeme unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, Pemba unatoka Tanga kwa kebo pia, na watu wazima hawajasahau lile giza la Unguja la mwisho wa 2009 mpaka mapema 2010, karibu miezi mitatu. Intaneti nayo ina siku zake, Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na nchi nzima ikawa inasuasua, na kuanzia Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ofisi iliyo kwenye brauza peke yake imefungwa, na mteja yuko mlangoni.

Ila Word ya kulipia sio dawa pekee. LibreOffice ni ya bure, unaidaunlodi mara moja, inafanya kazi bila ya intaneti, na ukisevu faili inakuruhusu kuliwekea neno la siri ambalo bila yake halifunguki. Google Docs pia inafanya kazi ofulaini lakini lazima uiwashe mapema kwenye Chrome wakati mtandao upo, ukingoja siku ya mtandao kukatika umechelewa.

Nnavyoona Microsoft inamfaa mtu ambae tayari anafanya kazi na mashirika au skuli zinazotumia Teams, au aliezoea Outlook tokea alikotoka. Kwa anaeanza peke yake na simu yake, milango na vitufe vya usimamizi wa Microsoft ni vingi mno na atachoka.

Zoho

Hii watu wengi hapa hawaijui na mimi naisemea kwa moyo wote. Ni kampuni ya kihindi yenye makao Chennai, ilianza mwaka 1996 kwa jina jengine, na bei zake ni za mtu mwenye kipato kama chetu. Zoho Mail ina mpango wa bure kwa watu mpaka watano, kila mmoja GB 5, kwa domeni yako mwenyewe, ila unaitumia kwenye brauza au kwenye apu yao tu, huwezi kuiunganisha na programu nyengine ya imeili. Zoho Mail Lite ni dola 1 kwa mtu kwa mwezi, shilingi 2,500, bei ya soda na maandazi. Na Zoho Workplace Standard, yenye imeili, sehemu ya mafaili, kuandika, mahesabu na mikutano, ni dola 3, shilingi 7,500, zote hizo ukilipa kwa mwaka.

Sasa hapa ndipo hesabu inapobadilika. Siku ukiajiri mtu wa mapokezi, na ukipata wateja utamhitaji tu, kwenye Google utakuwa unalipia watu wawili, elfu 35 kwa mwezi, laki nne na elfu ishirini kwa mwaka. Zoho watu haohao wawili ni elfu 15 kwa mwezi, laki moja na elfu themanini kwa mwaka. Hio tofauti ya laki mbili na elfu arubaini ni pazia zito la mlangoni na feni ya kuzuia sauti isitoke nje, vitu ambavyo vinalinda siri ya mteja kuliko programu yoyote.

Na usijaribu kukwepa gharama kwa kumpa mtu wa mapokezi neno lako la siri mkatumia akaunti moja. Hili naliona sana. Yule dada wa mapokezi ni mwema, namjua, lakini akishaingia kwa akaunti yako anaona kila kitu, na kesho akiolewa Makunduchi akahama utabadilisha neno la siri na kubahatisha kama simu yake bado iko ndani. Mpe akaunti yake, umshee kalenda tu, mafaili usimshee. Akaunti ya pili kwenye Zoho ni rahisi kwa bei kiasi kwamba mtu hana sababu ya kutofanya hivo.

Ubaya wa Zoho: kila kitu ni programu yake mbali, Bookings huku, Invoice kule, Meeting kwengine, na zinavyofungana zinachukua muda kuzizoea. Na wakati wa kujisajili hakikisha taimuzoni ni ya Afrika Mashariki, mana ikikaa ya pengine miadi yote inakwenda mrama.

Proton

Proton wako Geneva, Uswisi, walianza 2014, na sifa yao ni kuwa imeili zinafungwa kwa namna ambayo hata wao hawawezi kuzisoma. Bure unapata GB 1 ya imeili, na Mail Plus ni kama dola 4 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka, elfu 10, yenye GB 15 na nafasi ya kuweka domeni yako. Mtu akisikia hivo anasema basi hii ndio ya mshauri, imekwisha.

Haijaisha. Ule ufungaji kamili unafanya kazi Proton kwa Proton. Mteja wako yuko Gmail, kwa hio ukimtumia imeili ya kawaida ikishafika kwake inakaa kama imeili nyengine yoyote, isipokuwa uifunge kwa neno la siri na yeye alijue hilo neno. Na kichwa cha habari cha imeili hakimo kwenye ule ufungaji kamili, kwa hio ukiandika juu "Kuhusu mimba ya bintiyo" umeshasema. Kitu chengine, ukisahau neno la siri na hukuhifadhi yale maneno ya kurejeshea akaunti, utaipata akaunti lakini imeili za nyuma hutozisoma tena. Ndio maana ya siri ya kweli, hakuna wa kukufungulia.

Kwa hio Proton naiona inafaa kwa kazi moja hasa, mawasiliano baina ya washauri, mfano unapomjadili mteja na msimamizi wako wa kitaaluma aliyeko Dar au Nairobi, nyote muwe na Proton. Kwa wateja wa kawaida haikuongezei mengi, tena apu zake za kalenda na mafaili ni chache ukilinganisha na hizo tatu za juu.

Vikao vya vidio

Hapa pafupi. Zoom ya bure inakata dakika 40, hata mkiwa wawili. Kikao chetu ni dakika 50. Ina maana inakata palepale mtu ameanza kulia, na mimi hilo silikubali kwa mteja yeyote, ama lipia au hama. Meet na Teams mkiwa wawili hazina shida hio. Jitsi ni ya bure na mteja hahitaji akaunti, anabonyeza linki tu, ila tokea 2023 wewe mwenye kufungua chumba lazima ulogini.

Kwa wateja wa Pemba wenye bando dogo, vidio ya saa moja inaweza kula nusu GB na zaidi ya GB moja ikiwa picha ni safi, sauti peke yake inakula kidogo sana. Waambie mapema wachague. Na waulize swali ambalo programu haiulizi: utakuwa wapi wakati tunazungumza, na nani yupo nyumba hio? Wapo wanaofanya kikao ndani ya gari iliyosimama, wapo wanaokwenda shamba, na inafanya kazi vizuri.

WhatsApp

Ujumbe wake umefungwa mwanzo mpaka mwisho tokea 2016, hapo hakuna ubishi. Pa kuvuja ni pengine. Bakapu inayokwenda Google Drive au iCloud haiko kwenye ufungaji huo mpaka uuwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya bakapu, wameiweka tokea 2021 na watu wengi hawajaigusa. Meseji inaonekana juu ya skrini simu ikiwa imefungwa. Na mteja wako pengine simu anashea na mumewe.

Mimi napendelea WhatsApp Business kwa laini ya kazi peke yake, kwa miadi tu. Mteja akianza kuandika mambo yake marefu usiku, mjibu kwa heshima, "Nimekuona dada yangu, haya tutayazungumza vizuri tukikaa, uko salama usiku huu?" na ukishajua yuko salama unasimama hapo. Namba usiisevu "Asha talaka" wala "Asha mteja", mana zipo programu za kutambua wapigaji simu zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yako yote, na jina ulilomsevu ndilo litakalosafiri. Sevu kwa namba yake ya faili, naieleza hapa chini.

Namna ya kuigawa kazi, programu yoyote utakayochukua

Kila mteja anapewa namba, tuseme 014. Daftari la karatasi linaloonesha 014 ni nani linakaa kwenye mtoto wa meza unaofungwa na ufunguo, sio kwenye kompyuta. Kalenda inaandika jina la mteja au lile jina mlilokubaliana, na neno "Miadi" basi, bila ya sababu. Noti zinaandikwa kwenye LibreOffice, faili linaitwa 014, lina neno la siri, linakaa kwenye laptopu ya ofisi na nakala yake kwenye flashi ambayo nayo inafungiwa. Ndani ya noti usiandike skuli, mtaa wala jina la mume. Kwa hio mtu akiingia kwenye kalenda anaona majina hajui shida, akiiba laptopu anaona namba na mafaili yasiyofunguka. Mke na mume mnaowaona pamoja na mmoja mmoja, kila mtu namba yake, mana siku wakifika kwa Kadhi mmoja anaweza kukuomba noti zake na usije ukampa za mwenziwe.

Kwenye Google au OneDrive, yani pahala pa mafaili pa Microsoft, jambo la kuogopa kuliko yote ni ile chaguo ya kushea kwa "yeyote mwenye linki". Linki inatumwa WhatsApp, inafowadiwa, imetoka. Shea kwa imeili ya mtu kwa jina lake siku zote. Na uthibitisho wa hatua mbili uwashe kwa apu ya kutoa namba za kuingilia badala ya meseji, kwa sababu laini za simu zinaweza kusajiliwa upya na mtu mwengine akazipokea namba zako.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti, na ina masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Hizi kampuni zote nne seva zao ziko nje. Kwa Zanzibar afya si jambo la Muungano, kwa hio zungumza na mwanasheria wa hapa kabla hujafungua milango, lakini hata bila ya kusubiri sheria mteja ana haki ya kujua. Kwenye fomu ya ridhaa andika kwa lugha ya kawaida: "Jina lako, tarehe za miadi yako na namba yako ya simu zinahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni iliyoko nje ya nchi. Noti za yale tunayoyazungumza haziwekwi huko. Ukitaka miadi yako iandikwe kwenye daftari tu, sema na itakuwa hivo." Wapo watakaochagua daftari na uwaandikie.

Suala la saa nalo lisikupite. Kurasa zote za miadi zinaandika saa za kizungu, 3:00 PM, na bibi wa Micheweni akisoma tatu atakuja saa tatu asubuhi wakati wewe unamtegemea saa tisa alasiri, amelipa nauli na amejipa moyo wiki nzima mpaka kutoka nyumbani. Kwenye Microsoft Bookings na Zoho Bookings unaweza kutengeneza huduma tofauti na kuzipa majina, "Kikao cha asubuhi", "Kikao cha alasiri", "Kikao cha usiku", na jina hilo linatokea kwenye ujumbe anaopokea. Google ukurasa ni mmoja kwenye ile ya bure, kwa hio unaandika maelezo juu yake kuwa saa ni za kizungu, halafu unamtumia mteja meseji kwa mkono wako, "Inshallah Jumanne saa tisa alasiri". Mwezi wa Ramadhani utabadilisha ratiba yote vikao vihamie asubuhi au baada ya tarawehe, na hapo Zoho na Microsoft zinakuokoa muda, unazima huduma moja unawasha nyengine.

Kwa hio ningekuwa naanza leo peke yangu na pesa ni ya tabu, ningechukua Zoho Mail ya bure au Lite pamoja na LibreOffice na Meet. Mwenye msaidizi, Zoho Workplace. Mwenye vikao vingi vya vidio na wateja wa nje ya nchi waliozoea Google, alipe Workspace na asione hasara. Microsoft kwa anaefanya kazi na mashirika. Proton iwe ya pembeni.

Malipo yenyewe ni kwa kadi ya Visa au Mastercard, na kadi ya benki mara nyingi lazima uwaombe benki waifungulie manunuzi ya mtandaoni. Kadi za mtandaoni zinazotolewa na pesa za simu zinafanya kazi pia, ila salio liwepo siku ya kukatwa, likikosekana imeili ya ofisi inasimamishwa na wateja wanatuma ujumbe usiofika, kwa hio kama unaweza lipa mwaka mzima kwa mkupuo. Na ile ankara nzuri ya Zoho Invoice, ambayo ni ya bure, itumie kwa kumbukumbu zako na kumdai mteja, lakini risiti ya kodi ni ile inayotoka kwenye mfumo wa VFMS wa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na kwenye zote mbili sehemu ya maelezo andika "huduma ya ushauri" tu, mana karatasi ya risiti inakaa kwenye mkoba na mkoba unafunguliwa na wengi.